Keti kwanza upige hesabu: Neno kwa anayejiandaa kumwona daktari wa upasuaji wa uzito



Katika Injili ya Luka, sura ya 14 mstari wa 28, Bwana wetu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu wa namna hiyo hana budi kuketi kwanza apige hesabu ya gharama, aone kama anavyo vya kumalizia, asije akaweka msingi akashindwa kuendelea, na wapita njia wakamcheka. Neno hilo tumelihubiri mara nyingi kwenye harambee za kujenga makanisa. Leo naomba tulipeleke kwenye jengo jingine, lile ambalo Paulo analiita hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19), yaani mwili wako. Nazungumza hasa na wewe ambaye umepewa barua ya kwenda kumwona daktari bingwa ili mzungumze kuhusu njia za kupunguza uzito, upasuaji ukiwa mojawapo, na barua hiyo umeificha ndani ya Biblia kwa sababu hutaki mtu wa kanisani ajue.

Mmoja wenu, mkazi wa hapa Chemchem mjini Tabora, ameniruhusu nieleze habari zake bila kutaja jina. Ni mama wa miaka 47, anauza nguo, na kwenye kwaya anaimba sauti ya pili. Uzito wake ni kilo 112 na urefu wake ni sentimita 162. Ana presha, kisukari kimefikisha mwaka wa sita, na magoti yamemchoka. Jumapili ya Meza ya Bwana huwa hapigi magoti. Hubaki ameinama kwenye benchi, na wapo wenzake wanaodhani ni kiburi. Nilipomuuliza anataka nini hasa kwa daktari, hakusema habari za kupendeza. Alisema, “Mchungaji, nataka nipige magoti na niinuke mwenyewe bila kushikwa mkono.”

Sisi wa Tabora tunajua habari za mizigo. Katika karne ya 19 babu zetu Wanyamwezi ndio waliobeba biashara ya nchi hii mabegani mwao, kutoka hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo na kurudi, na wengine kuendelea mpaka Ujiji. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, takribani kilo 32. Sasa tazama hesabu ya mama huyu. Kwa urefu wake, uzito unaohesabiwa kuwa wa kawaida unaishia kama kilo 65. Kilo 47 zinazozidi hapo ni karibu frasila tatu. Mpagazi alikuwa anatua mzigo jioni wakifika kambini, akaota moto, akalala. Mama huyu anapanda na frasila zake tatu kitandani, na asubuhi anaamka nazo kwenda sokoni. Ukilijua hilo, ile midomo yetu ya “bonge, njoo ukae mbele usawazishe gari” inatakiwa ikome.

Hospitalini watatumia kipimo kinachoitwa BMI, nacho unaweza kukipiga nyumbani. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu huohuo. Kuanzia 25 unahesabiwa una uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza ambao Shirika la Afya Duniani linautambua kuwa ni ugonjwa. Mama wa Chemchem anapata karibu 43. Kwa miaka mingi upasuaji ulikuwa unafikiriwa kwa mwenye 40 na kuendelea, au 35 kama ana maradhi kama kisukari na presha. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa fani hiyo duniani vilishusha viwango hivyo, kwa hiyo mwenye 35 anaweza kufikiriwa hata kama hana ugonjwa mwingine, na hata mwenye 30 ambaye kisukari chake kimegoma. Kufikiriwa, lakini, hakuna maana ya kukubaliwa. Daktari ana mambo mengine mengi ya kuangalia, na ndiyo maana unaitwa mzungumze kabla ya kitu kingine chochote.

Najua sauti mbili zinazokusumbua. Ya kwanza inasema umekosa imani. Funga na uombe, mwili utashuka. Wanaosema hivyo wasome 2 Wafalme sura ya 20. Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akasikia, ahadi ya uponyaji ikatoka. Baada ya ahadi hiyo ndipo Isaya akaagiza lichukuliwe andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Nabii mwenyewe hakuona kuwa dawa inamfedhehesha Mungu. Na kuhusu kufunga, nitasema wazi kwa sababu hapa watu wanaweza kufa. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, usiingie kwenye mfungo wa siku tatu bila kumuuliza daktari wako. Baadhi ya dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala, na mtu huweza kuzimia na asiamke. Kiongozi wa maombi anayekuagiza mfungo bila kukuuliza unatumia dawa gani, muulize yeye kwanza kama yuko tayari kukaa nawe usiku kucha na kipimo cha sukari mkononi.

Sauti ya pili inasema upasuaji ni njia ya mkato ya mlafi aliyeshindwa kujizuia. Ulafi ni dhambi, hilo liko wazi, na ninawafahamu walafi wembamba kadhaa. Lakini mwili una mambo yake. Ukipunguza kula na kilo zikaanza kushuka, mwili huchukulia kuwa njaa imeingia nchini. Tumbo linatoa zaidi homoni inayoamsha hamu ya chakula, na mwili unabana matumizi yake. Ndiyo maana mtu anapunguza kilo kumi kwa jasho la miezi mitano, halafu zinarudi kumi na mbili. Ukoo nao una sehemu yake, na dawa fulani za kuongeza uzito zipo, na kukosa usingizi kupo. Sisemi mikono yetu ni misafi. Nasema kwamba ukiingia kwa daktari umeinamisha kichwa kama mshtakiwa, utaficha mambo, na ukificha mambo utatibiwa ugonjwa ambao siyo wako.

Yule mwanamke Msamaria wa Yohana 4 alikwenda kisimani mchana wa jua kali. Wahubiri wengi hufundisha kuwa alikimbia macho na maneno ya wenzake. Pale kisimani alikutana na Mtu aliyemwambia ukweli wa maisha yake wote bila kumfukuza, na ule ukweli ndio uliomfungua. Chumba cha daktari nacho hakihitaji uongo wa heshima. Kwa hiyo nunua daftari, lile la kurasa 48 linatosha, uanze kuandika leo.

Andika kwanza unachotaka. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu alikuwa anaona kuwa ni kipofu, na bado Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Daktari naye atakuuliza. “Nataka niwe kama zamani” ni jibu lisilopimika. Kupanda ngazi za kanisa bila kusimama katikati, kupunguza vidonge vya sukari, kulala bila kukosa pumzi, kumbeba mjukuu, hayo yanapimika. Na kama moyoni jibu lako ni kwamba unataka mume wako arudi nyumbani mapema, liandike pia, lakini ujue kwamba hakuna kisu kinachofanya kazi hiyo.

Kisha andika safari ya uzito wako. Ulianza lini kuongezeka: baada ya uzazi, baada ya msiba, baada ya kuanza sindano ya uzazi wa mpango? Umejaribu nini, kwa muda gani, zilipungua ngapi, zilirudi ngapi? Andika upasuaji wowote uliowahi kufanyiwa, hata wa kujifungua, na kama uliwahi kupata shida na dawa ya usingizi. Andika dawa zote pamoja na vipimo vyake, au beba makasha yenyewe kwenye mfuko. Hapo uweke na zile chupa za “kukata tumbo” ulizonunua stendi, na mitishamba ya yule mzee unayemwendea kimya kimya. Daktari hatakuripoti kwa baraza la wazee. Baadhi ya dawa hizo zinaharibu ini na figo, nyingine zinafanya damu isigande sawasawa, na mtu anayekwenda kukushika tumbo anapaswa kujua. Andika pombe, hata ile ya siri. Andika sigara na ugoro. Andika kama unakula usiku jikoni taa imezimwa, na kama kuna siku unakula huku unalia. Kwenye jopo hilo huwa kuna mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa saikolojia pamoja na daktari wa upasuaji na wa usingizi, na hayo ndiyo mambo wanayotaka kuyasikia.

Kuhusu kukoroma, mlete mwenzi wako aseme, maana wewe unakuwa umelala. Mtu anayekata pumzi usingizini anahitaji matayarisho ya pekee kabla ya kupewa dawa ya usingizi.

Halafu kwa siku saba andika kila kinachoingia mdomoni. Siyo kile unachokiita chakula, kila kitu. Mama wa Chemchem alidhani anakula kidogo, na kweli sahani yake ya ugali haikuwa kubwa. Daftari likaonyesha karanga za kutafuna dukani tangu saa nne, matobolwa ya kupoza njaa, soda mbili wateja wakichangamka, na chai tatu zenye asali. “Lakini asali siyo sukari, Mchungaji.” Ndugu zangu wa Tabora, asali yetu ni nzuri, tunaisifu na tunaiuza, lakini kwa mtu wa kisukari na wa uzito ni sukari, na mtaalamu wa lishe ataihesabu hivyo. Tena hili lina uzito mkubwa baada ya upasuaji kuliko kabla. Tumbo dogo linakataa ugali mwingi, ila vitu vitamu vya majimaji vinateleza na kupita. Wapo waliopasuliwa vizuri kabisa wakarudisha kilo zao kwa soda, juisi na asali.

Sasa tuzungumzie njia zenyewe, maana ukienda bila kuzijua utaitikia kila unachoambiwa.

Hapa nchini Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza mwaka 2022 kuweka puto maalumu tumboni, na baadaye ikaingia kwenye upasuaji wenyewe. Wengi wenu mnamkumbuka Profesa Mohamed Janabi alivyokuwa anafundisha habari za uzito na ulaji alipokuwa anaiongoza Muhimbili, mpaka watu wakamfanyia utani mitandaoni. Tulicheka, lakini kliniki zilipata watu.

Puto halihitaji kukatwa. Linapitishwa mdomoni likiwa limekunjwa, linajazwa maji ya chumvi likiwa ndani ya tumbo, na kukaa humo miezi sita, mengine mpaka mwaka, kisha linatolewa. Unashiba upesi kwa sababu nafasi imechukuliwa. Siku za mwanzo kutapika na maumivu ya tumbo ni jambo la kawaida. Udhaifu wake ni kwamba likitolewa nafasi inarudi, na kama hukujifunza kula upya katika miezi hiyo, kilo nazo zinarudi. Mimi naliona ni shule ya muda, na shule ina faida kwa anayesoma.

Upasuaji unaofanywa sana siku hizi duniani ni ule wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, karibu asilimia 80, na kubakiza mrija wenye umbo la ndizi. Hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa niliyoitaja, kwa hiyo wengi husema hamu yenyewe ya kula imepungua. Kilichoondolewa hakirudishwi. Tena kama unasumbuliwa na kiungulia cha kila siku, sema mapema, kwa kuwa aina hii inaweza kukizidisha.

Aina nyingine ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, cha kuchukua kama vijiko viwili vikubwa, na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi ili chakula kiruke tumbo lililobaki na sehemu ya utumbo. Hii ina historia tangu miaka ya 1960 na inasifika kwa wenye kisukari. Wapo ambao sukari yao hushuka hata kabla kilo hazijapungua sana. Gharama yake ni kwamba mwili unanyonya vitamini na madini kwa shida. Chuma, kalsiamu, vitamini B12 na vitamini D vinakuwa vidonge vya maisha yote, pamoja na vipimo vya damu vya kila mwaka. Ukila kitu kitamu sana unaweza kupata mapigo ya moyo, jasho na kuharisha. Na zile dawa za maumivu tunazonunua dukani kama njugu, diklofenaki na ibuprofeni, zinakuwa hatari ya vidonda. Aliyeondolewa sehemu ya tumbo naye atameza vitamini, asijione amepona hapo.

Kuna pia sindano za kila wiki kama semaglutidi, ambazo watu wanazisikia kwa jina la Ozempic. Zinapunguza hamu ya kula na zinafanya kazi, ila ni ghali, na ukiziacha uzito kwa kawaida hurudi. Muulize daktari kama wewe unafaa kuanza na hizo. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayetuma kwa basi ndani ya boksi la viatu.

Sasa hesabu ya mnara. Madhara yapo: kuvuja pale palipofungwa, kutoka damu, damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni, na mawe ya nyongo kwa sababu ya kupungua haraka. Kwenye vituo vyenye uzoefu wanaofariki ni chini ya mmoja katika mia, na kwa kawaida ni pungufu sana ya hapo. Lakini aliyefariki alikuwa mama wa mtu, kwa hiyo uliza. Uliza bila kuogopa kuonekana mjuaji: “Daktari, wewe na timu yako mmefanya upasuaji huu mara ngapi? Madhara mliyokutana nayo ni yapi? Kwa hali yangu unanishauri njia gani, na kwa nini siyo ile nyingine? Nisipofanya chochote, miaka kumi ijayo nitakuwa wapi?” Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Anayekukatisha na kukuambia usiwe na wasiwasi, tafuta mwingine wa kumsikiliza.

Uliza pia utegemee kupungua kiasi gani. Kwa kawaida upasuaji huondoa kama robo ya uzito wote, au zaidi kidogo, ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Mama wa kilo 112 anaweza kufika 80 au 85. Hatafika 65, na ngozi italegea. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, halafu akasema kilo 80 zinapiga magoti bila shida. Huyo ameketi akapiga hesabu.

Kama bado uko katika umri wa kuzaa, sema kama unataka mtoto. Madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, na hapo kuna mtego, kwa sababu mwanamke aliyehangaika miaka kupata mimba anaweza kushika upesi sana uzito ukishuka. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo huenda visinyonywe sawasawa. Ni mazungumzo ya wewe na mumeo pamoja, kabla.

Fedha. Usiuze kiwanja wala kukopa VICOBA kabla ya mazungumzo haya. Unakwenda kuzungumza, unaweza kuambiwa bado, au ukaambiwa hapana, na hapana ya daktari nayo ni tiba. Kama una bima, nenda ofisi ya NHIF hapa mjini ukiwa na barua yako na uulize kinacholipiwa na kisicholipiwa, wakuandikie. Hospitalini uliza bei yote: vipimo, upasuaji, kulazwa, na ikitokea shida ukarudishwa chumba cha upasuaji nani analipa. Halafu ongeza yale ambayo hayamo kwenye risiti, kama vidonge vya kila mwezi, nauli za kliniki, na wiki ambazo meza yako ya sokoni itakuwa imefunikwa turubai.

Tusisahau umbali. Anayekaa Dar es Salaam anakwenda kliniki na kurudi siku hiyohiyo. Wewe unatoka Tabora. Pitia kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, upate barua ya rufaa na nakala za vipimo vyako, na uwaulize nani atakuwa anakufuatilia ukirudi. Ukienda kwa basi, Mloganzila utaikuta kabla hujafika stendi ya Magufuli pale Mbezi, kwa hiyo hakuna haja ya kuingia mjini ndipo urudi nyuma. Wengine wanashuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya mwendokasi. Vyovyote utakavyosafiri, simama na utembee kila gari linapotua. Mwili mzito ukikaa saa nyingi bila kujongea damu huganda miguuni. Na uulize mapema: baada ya upasuaji natakiwa kukaa karibu na hospitali siku ngapi kabla sijaianza safari ya kurudi Tabora? Kama huna ndugu huko, chumba cha kupanga nacho kinaingia kwenye hesabu.

Huenda ukaambiwa usubiri. Sukari ishushwe kwanza, upimwe tumbo kwa kamera na kutibiwa bakteria wa vidonda kama wapo, upunguze kilo chache mwenyewe, na wiki mbili za mwisho ule mlo mwepesi ili ini lipungue na kumpa daktari nafasi. Miezi inaweza kupita. Pale Kwihara, nje ya mji wetu, Dk David Livingstone alikaa kuanzia Machi mpaka Agosti 1872, baada ya Stanley kuondoka, akisubiri wapagazi wa kumwezesha kuendelea. Alikuwa na haraka na alikuwa mgonjwa, lakini bila wapagazi safari hiyo haikuwezekana. Miezi ya kusubiri itumie kujifunza kutafuna polepole, kutenganisha maji na chakula, kutembea kutoka Chemchem mpaka sokoni na kurudi. Ndiyo maisha utakayoishi baadaye, na ukishindwa kabisa kuyaanza sasa, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Neno la mwisho ni kwa wewe ambaye huna barua yoyote ndani ya Biblia yako. Yule aliyepooza wa Marko 2 alifikishwa kwa Yesu na watu wanne, na walipanda mpaka darini. Mama huyu anahitaji mtu wa kwenda naye mpaka ndani ya chumba cha daktari, mwenye kalamu, kwa sababu mgonjwa mwenye hofu anasikia nusu ya anachoambiwa. Anahitaji wa kumshikia meza sokoni, na wa kumwangalizia watoto. Jumuiya ikiweza kuchangia nauli, ichangie bila kumtangaza kwenye matangazo ya ibada. Akirudi, iwe amepasuliwa au la, mkimwalika kwenye sherehe mpakulieni kwenye sahani ya chai, wali vijiko vitatu na kipande cha samaki, akiacha msimlazimishe, na pale mezani pasiwe na wa kumuuliza zimepungua kilo ngapi.